Majibu ya Mwanakuu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo nimeona jambo la kutisha kliniki, ninakotunza kompyuta. Nilikuwa nikiikagua programu yetu ya mafaili ya wagonjwa. Nikabuni mgonjwa, penye anwani nikaandika maagizo mafupi ya kompyuta, nikahifadhi. Kulifungua tu faili — kompyuta ikayatii maagizo! Yaani mtu yeyote anayejiandikisha kwa simu aweza kututegea mtego humo. Mfanyakazi akifungua faili tu, kompyuta yamtii aliyetega, kwa jina la mfanyakazi.

Nimemwambia Daktari Abdulbasit, mwenye kliniki. Ati nisitie watu hofu, waliotuuzia watarekebisha.

Jumatano, 11 Juni

Waliotuuzia programu wamejibu: tumepokea. Basi! Nimemsihi Daktari tufunge kujiandikisha kwa simu. Hataki. Wagonjwa watakwenda kwengine.

Jumatatu, 16 Juni

Yametufika.

Majibu ya damu ya Mwanakuu yazunguka Mji wa Kale mzima, simu kwa simu. Mwanakuu muuza leso wa Biashara Street! Ana virusi vya UKIMWI. Aliyejua ni mamake tu, na sisi wa kliniki. Leo duka halikufunguliwa. Nasikia posa yake imerudishwa.

Nimetafuta, nimeona. Ijumaa kulijiandikisha mtu asiyekuwepo, anwani yake ni maagizo matupu. Dama wa mapokezi akalifungua faili, kama afunguavyo yote. Maagizo yakayatuma majibu nje kwa jina lake, na sasa kumbukumbu za kompyuta zasema Dama ndiye aliyeyatoa.

Dama! Hajui hata kilichotokea.

Jumanne, 17 Juni

Daktari amemfukuza Dama mbele ya wagonjwa. Analia, anaapa. Nikasema si yeye, ni programu, nilikwambia! Akanivuta kando. "Hanin, wewe ndiwe uliyeichokoachokoa bila ruhusa. Polisi wakija, watamwamini nani?"

Nikarudi kwenye kompyuta yangu.

Alhamisi, 19 Juni

Mwanakuu amekuja. Nimejifungia stoo na daftari hili, nikisikia yote kupitia ukuta wa mbao. Daktari amempa pole, amemwambia mkosaji ni Dama na keshaondoka.



Kisha Mwanakuu: "Dama ndiye aliyenishika mkono siku ya majibu. Akanisindikiza hadi nyumbani. Si yeye, Daktari."

Mungu wangu. Nitoke? Niseme? Nimeshika komeo la mlango.

"Basi n'nani?" amuuliza. "Ni Hanin, yule wa kompyuta?"

Daktari hajajibu. Mpaka sasa hajajibu —