Vitabu Ulivyokuwa Unanibebea

Mwanangu mpendwa Paskalina,

Baba yako ameondoka asubuhi hii kwenda Mogitu kumchukua yule ng'ombe wa sherehe yako. Amevaa koti la Pasaka na viatu vya kanisani, mwanangu, kwenda kuswaga ng'ombe! Nilipomwambia atavichafua akanijibu, "Mkwe wa Mungu havai kandambili." Atalala kwa rafiki yake Mzee Gidahoda, kesho warudi na ng'ombe kwenye fuso la mtu wa vitunguu saumu. Kwa hiyo nina leo tu ya kuandika. Nimekaa mezani, mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka, na kalamu nimeishika kama ninaandika kwa mkuu wa wilaya. Uandishi wangu unaujua, ni wa darasa la saba. Soma taratibu, na usome ukiwa peke yako.

Zimebaki wiki chache uweke nadhiri zako za daima za utawa. Kuna jambo nataka kukuuliza kabla ya siku hiyo, lakini nikikuuliza hivi hivi utanijibu kama unavyonijibu siku zote. Acha nianzie mbali kidogo. Nianzie kwenye vile vitabu.

Unakumbuka ulivyokuwa, wakati uko sekondari? Kila mfululizo wa vitabu ulioanza hukuumaliza. Vile vya mapacha wapelelezi uliviacha kwenye cha pili. Vile vya wasichana wa bweni ukafika cha nne, ukavirudisha kwenye kabati la shule na mwalimu wa maktaba akaniletea malalamiko hadi kanisani. "Mama Paskalina, binti yako anaonja kama mbuzi, jani hapa, jani kule." Baba yako ndiye akakupa lile jina. "Nusu, njoo ule." "Nusu, umefunga mbuzi wote au nusu yao?" Wewe ulicheka, na mimi nilicheka, ila nilikuona siku moja ukigeukia ukutani baada ya kucheka.

Halafu vikaja vile saba vya wachuuzi wa chumvi. Yule msichana Zaina na punda zake, anamtafuta baba yake aliyepotea na msafara. Uliacha cha kwanza juu ya gunia la mahindi, nikakishika tu ili nikiondoe. Mimi nilikuwa sijawahi kusoma kitabu zaidi ya Biblia na kitabu cha nyimbo. Nilikuwa nimebandika makande, na makande unayajua, hayana haraka. Nikasoma ukurasa mmoja, nikasoma na mwingine. Yakaungua chini yote. Baba yako aliyala kimya kimya, kumbe alidhani nimeanza Kwaresima mapema.

Tangu siku hiyo nikawa nyuma yako kama ndama. Ukimaliza wewe, naanza mimi. Ulikuwa unatoka shule, unatua begi, unanipa kitabu kipya: "Hiki hapa mama, nimeshamaliza, zamu yako." Nikikuuliza kikoje unasema, "Kinaendelea vizuri, mama." Cha tatu, cha nne, cha tano. Nikamwambia baba yako, safari hii mtoto amepona. Naye, unamjua alivyo, akawatangazia wanaume wote nje ya kanisa kwamba Nusu amefika kitabu cha tano bila kupumzika. Akaacha kukuita lile jina. Nyumba yote ilikuwa na amani kwa ajili ya punda wa chumvi!

Mpaka siku ile tuko shambani tunang'oa maharage. Mimi nilikuwa nimemaliza cha sita usiku wa kuamkia siku hiyo na moyo ulikuwa bado mzito. Nikakwambia, "Yule bibi, mimi nilijua atakufa tangu alipogawa shanga zake."

Ukasema, "Bibi yupi?"

Paskalina, yule bibi alikuwa kwenye kila ukurasa tangu kitabu cha nne.

Tukang'oa mstari mzima hadi mwisho. Ndipo ukaniambia kwamba uliviacha kwenye cha tatu. Uliona Zaina anazunguka tu, anafika kisima hiki anakwenda kisima kile, ukachoka naye. Vyote vilivyofuata ulikuwa unavibeba kutoka shule hadi nyumbani, na mvua ile, na kile kilima cha kwetu, bila kuvifungua.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi, mama. Na baba alikuwa ameacha kuniita Nusu."

Cha saba uliniletea pia. Nilikisoma hadi mwisho, nikakifunika, nikaangalia huku na huku, sina wa kumwambia. Furaha niliyodhani ni ya watu wawili kumbe nilikuwa nayo peke yangu muda wote. Nililiona jambo dogo, jambo la kitoto la kuchekesha, nikaliweka pembeni. Sasa limerudi na halinipi usingizi.

Jumapili iliyopita ulipopiga simu, baada ya shikamoo na habari za mahindi, nilikuuliza, "Na utawa unaendaje mwanangu?" Ukasema, "Unaendelea vizuri, mama."

Maneno ni yale yale, mwanangu, na sauti ni ile ile ya mlangoni, ukitua begi. Baba yako alikuwa pembeni anasema, "Mwambie kwaya wameshajifunza wimbo wa kuingilia!" Nikakwambia, ukasema, "Eee, vizuri." Simu ikakatika, mimi nikabaki nimeishika sikioni.

Tangu hapo nakusanya vitu, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta sindano. Ulipokuja likizo mara ya mwisho tulikaa uani tunachambua maharage ya mbegu. Ukaniuliza, huku hunitazami, "Mama, wale masista waliorudi nyumbani, watu huwa wanawasema?" Nami nikajibu haraka, mikono ikiendelea na kazi, "Watawasemaje? Kila mtu anajua, aliyeanza amalize." Ukachukua ungo ukaenda kupepeta upande wa pili wa nyumba. Nilidhani umefuata upepo.

Na zamani zaidi. Kabla hujanitamkia kwamba unataka kuingia utawani, mimi nilishasema kwenye jumuiya, tukiwa tumemaliza rozari hapa hapa kwetu, kwamba Mungu akinijalia mtoto mmoja tu wa kumtumikia nitakufa nimeshiba. Wewe ulikuwa unagawa chai. Nakumbuka ulisimama na birika. Mwezi haukuisha ukaniambia, "Mama, nimesikia wito." Nilipiga magoti sakafuni. Sikuuliza umeusikia wapi.

Kisha nadhiri zako za kwanza. Baba yako alipopewa kipaza sauti akasema, "Huyu nilimwita Nusu, leo amekuwa Mzima!" Kanisa zima likapiga vigelegele. Wengine wote walikuwa wanatazama altare. Wewe ulikuwa unanitazama mimi, unaangalia kama nafurahi. Nami nilikuwa nafurahi, mwanangu. Nilifurahi sana.

Sasa kila kitu kimeshasimama hapa kinakusubiri. Sare za kitenge zimeshonwa, Mama Restituta mwenyekiti wa jumuiya amevaa yake mara mbili tayari eti anajaribu mikono. Shangazi zako wa Hanang wanakuja. Hata Mzee Gidahoda, ambaye hajabatizwa na hana mpango, anatoa ng'ombe. Alipokuja kutuahidi alicheka mpaka akajifuta macho. "Ninyi watu wa huko juu siwaelewi. Sisi tukitoa binti tunapokea ng'ombe. Ninyi mnatoa binti, halafu na ng'ombe mnatoa!"

Baba yako akamwambia, "Mkwe wetu ni tajiri, atalipa mbinguni."

"Sawa. Na binti mlimuuliza, au mlimfungulia zizi tu akapita?"

"Aliingia mwenyewe!" baba yako akasema, wakagongeana vikombe. Mimi niliondoka nikaenda kutazama maziwa yasifurike, na hayakuwa hata motoni.

Unaona nilipo? Kuna hofu mbili zinanivuta kama kamba ya mbuzi. Ya kwanza ni kwamba unanibebea tena, na safari hii si kitabu cha kurudisha kabatini, ni maisha yako yote mpaka kaburini. Ya pili ni kwamba nimekosea. Labda wito wako ni wa kweli, una uchovu tu wa kazi za hospitali ya masista, na mimi mama yako ndiye ninayekuja kunong'ona mlangoni kama yule nyoka. Nimesali juu ya hili mpaka magoti yamekataa. Nilitaka kumuuliza Padre, nikafika mpaka mlangoni kwake, nikaogopa atanijibu. Nikamsalimia, nikamuuliza habari za mvua, nikarudi nyumbani.

Lakini leo asubuhi, baba yako alipotoka na koti lake, nimejiuliza hivi: nikinyamaza na nikawa nimekosea kunyamaza, nani atalipa? Utalipa wewe. Nikisema na nikawa nimekosea kusema, nitalipa mimi, aibu tu ya mama mwenye wasiwasi, na wito wa kweli hauvunjwi na barua ya mwanamke wa hapa Tlawi. Mungu aliyekuita ana nguvu kuliko kalamu yangu. Basi nikachukua karatasi.

Ninachokwambia ni hiki. Kama umefika mahali pa kuacha, acha. Kama uliacha zamani na unabeba tu, tua. Usinipe furaha ambayo wewe humo ndani yake, maana nimeshawahi kuila na najua ladha yake mwishoni. Nilidhani mtu anayeacha njiani ni mvivu. Wewe hukuwa mvivu. Mvivu hapandi kilima kwenye mvua na kitabu ambacho hakisomi. Ulikuwa unaona mapema kuliko sisi kwamba kitu hakikuiti, halafu unaogopa kutuvunja moyo.

Na kama unabaki kwa sababu unampenda Yesu na maisha hayo yanakushibisha, basi baki, na usihesabu barua hii kuwa ni mkosi. Nitacheza siku hiyo mpaka Mama Restituta aone haya. Nataka tu niwe nacheza na wewe.

Baba yako niachie mimi. Nitamwambia mwenyewe. Atapiga kelele, atakwenda kukaa zizini, hatakula, halafu atakula. Tumeishi miaka mingi, namjua kelele zake zinaishia wapi. Kuhusu watu, watasema. Nisikudanganye kwamba hawatasema. Kisimani watasema, sokoni Mbulu watasema, na Mama Restituta ataniletea pole kama msibani. Nitaipokea na kumpa chai. Ng'ombe naye hajui amekuja kwa sherehe gani. Tutamla au tutamrudisha kwa mwenyewe.

Barua hii inakuja na mke wa katekista, anayekwenda huko kumuuguza dada yake. Nimemwomba aikabidhi mkononi mwako. Usinijibu kwa simu ya pale ukumbini ambako kila mtu anapita. Ijumaa nitapanda basi Mbulu, nitalala kwa mama yako mdogo huko huko, na Jumamosi baada ya misa ya asubuhi nitakuja kuomba kukuona. Sitakuja na chakula wala salamu za jumuiya. Tutatoka wawili, tutatembea barabarani upande ule wa miti ambako hakuna atakayetusikia. Huko utaniambia neno moja. Likiwa ni kubaki, nitakubariki kichwani na nitarudi nyumbani. Likiwa ni kutoka, hatutatoroka kama wezi. Tutarudi ndani pamoja, tutaomba kukaa na Mama Mkuu, wewe utasema na mimi nitakaa kiti cha pembeni yako. Kama kuna taratibu tutazifuata. Kama kuna aibu tutagawana, na lile fungu kubwa ni langu.

Usiwaze uso wangu utakuwaje. Najua ndicho kitu utakachotazama kwanza. Nimeshalia leo, mbele ya kuku, nimemaliza. Hutaniona nikilia Jumamosi.

Jambo la mwisho. Hapa kijijini siku hizi wameanza kuniita Mama Sista. Dukani, kwenye mashine ya kusaga, hata watoto wadogo. Ninaitikia, na sikatai kwamba limenipendeza. Lakini kabla yake nilikuwa nimeshaitwa jina jingine, tangu alfajiri ile nilipokushika bado una damu na ukanipigia kelele. Hilo hukulipata kwa kuweka nadhiri yoyote, na hakuna unachoweza kuacha njiani kikaliondoa.

Mungu akutangulie mpaka Jumamosi. Kunywa kitu cha moto, baridi ya mwezi huu si nzuri kwa kifua chako.

Mimi,
Mama Paskalina