Matete Yaliyokatwa Chini ya Maji

Ndugu yangu Byamungu,

Nimeketi mlangoni na daftari juu ya mapaja, na nimeshindwa kuanza mara tatu. Ungenicheka. Ulizoea kuwaambia watu, "Mwalimu ukimuuliza saa, anaanza na jua lilivyoumbwa." Leo nitajaribu kufika upesi, ingawa jambo lenyewe halina njia fupi.

Matete yako yamekwisha.

Nasema ya pale kijito kinapoingia ziwani, pale komine, serikali yetu ya wilaya, ilipopatenga pawe pa viumbe na pa watu wote, kisha ikakuweka wewe mlinzi, mvuvi mzee uliyevuka kutoka Fizi, ng'ambo ya ziwa, ikakupa fulana ya kijani na buti zilizokubana vidole. Rumonge nzima ilicheka kwamba komine imeajiri mtu wa kuchunga majani. Baadaye kicheko kilipungua. Ndege, wale kwera, walining'iniza viota vyao, vifaranga vya samaki wa ngege vikajificha kati ya mashina, na ziwa lilipopanda na kubomoa nyumba za wengine, kwetu mawimbi yalifika yamechoka.

Hukuwanyima akina mama matete ya mikeka na nyua. Ila uliwataka wakate wakati wa kiangazi, upande mmoja tu, na panga lipite juu ya goti. Sababu nilikueleza mimi, tukiwa tumekaa juu ya mtumbwi wako uliopinduliwa. Tete lina uwazi ndani, nilisema, na hewa hushuka humo hadi kwenye mizizi iliyo topeni. Ukilikata chini ya maji, maji huingia na mizizi hukosa pumzi. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Kumbe. Mimi nilijua tu linakufa."

Homa ilikuchukua kwa siku nne, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Komine haikuweka mlinzi mwingine. Ilipofika siku ya kuondoa matanga, mke wako, Mama Faida, aliomba tukutane pale pale kwenye matete, baada ya ibada, kwa kuwa ndipo ulipomalizia kazi yako. Wote tulikubali.

Unajua kwetu kumheshimu mtu ni kumsafishia. Ua wake hufagiliwa hadi udongo ung'ae, na kaburini haliachwi jani. Basi asubuhi ya siku hiyo ya matanga, Jumamosi, saa za kazi za pamoja, shefu wa mtaa aliwaongoza watu wote kule. Mama Faida alitangulia na panga lako mkononi. Ziwa lilikuwa limejaa. Waliingia hadi kiunoni, wakakata kwa kupapasa, chini kabisa, kwenye tope. Waliimba. Nusu yao niliwafundisha kusoma.

Mimi nilikuwa nyumbani naandika hotuba. Kurasa nne, Byamungu, za kueleza faida za matete.

Nilipofika na koti langu lililopigwa pasi, viota vilikuwa vinaelea, vingine bado vina makinda. Mama Faida alinijia akichuruzika maji, akicheka, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. "Mwalimu, angalia! Sasa kuko propre, kuko safi. Baba Faida iko anaona." Nilikunja kurasa zangu nikazitia mfukoni. Niliwaambia, "Murakoze cane." Niliwashukuru. Nilijiambia kwamba siku ya msiba si siku ya somo, nitawaeleza kesho. Zilipita kesho nyingi.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Ijumaa iliyotangulia shefu wa mtaa alinikuta njiani, akasema, "Mwalimu, kesho tunakwenda kutengeneza pale kwa Byamungu. Tutakata yote." Nilimsikia vizuri. Niliitikia kwa kichwa nikaendelea na safari, nikitafuta sentensi ya kwanza ya hotuba.

Maji hayakushuka msimu wote wa mvua. Kiangazi kilipoyarudisha nyuma, vilibaki visiki vyeusi. Ukikibonyeza kimoja, kinatoa maji yanayonuka. Ndege hawako. Ukimya wa pale asubuhi ni mzito, siwezi kukaa.

Wiki iliyopita komine ilituita. Akina mama wanaoanika vidagaa vya ndagala, ambao ziwa limewanyang'anya mahali pao, waliomba wapewe pale palipo wazi. Si watu wabaya. Wana watoto wa kulisha. Mama Faida alikuwa miongoni mwao, siku hizi naye anaanika. Msaidizi wa administrateri akanigeukia: "Mwalimu, matete yatarudi?" Ningeweza kusema yatarudi, wakangoja mwaka mmoja zaidi. Nilisema hayatarudi. Akauliza kwa nini. Nikaeleza, na nikaeleza vizuri, kama darasani: yalikatwa chini ya maji. Sikusema nani alilijua jambo hilo tangu zamani.

Watu wote walimgeukia Mama Faida, kwa sababu kila mmoja anakumbuka panga la mbele lilikuwa mikononi mwa nani. Alisema polepole, "Sikujua. Hakuna mutu aliniambia." Akachukua kikapu chake, akatoka.

Wanaoanika wamepewa eneo lote, isipokuwa ukanda wa hatua ishirini karibu na kijito, kwa atakayetaka kupanda matete upya. Hajajitokeza mtu. Na sokoni, na kwenye bomba la maji, wanasema mjane wa Byamungu ameua kazi ya mumewe kwa panga la mumewe. Wengine wanalisema kwa mzaha, naye yupo, anasikia.

Jana alinitumia ndagala, sahani imefunikwa kwa kitambaa safi. Mjukuu wenu aliyezileta alisimama wima kama aliyekariri: "Bibi anasema Mwalimu amusamehe. Anasema aliharibu kazi ya rafiki yako."

Aniombe radhi mimi.

Sahani bado iko mezani. Sijaifungua, na siwezi kuirudisha.

Jumamosi hii watu wote watakuwa pale kuchimbia nguzo za kuanikia. Nitakwenda mapema, bila karatasi. Nitasimama mahali wanaponiona wote, niseme kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, asibaki wa kumuuliza jirani yake: mimi nilijua, mimi niliambiwa siku moja kabla, na mimi nikashukuru. Mama Faida hakujua. Wakishaondoka nitaingia kwenye ule ukanda na mizizi nitakayoipata, nianze. Mgongo wangu utafika pale utakapofika.

Pumzika, ndugu yangu. Kwera siwezi kukuahidi. Nakuahidi jina safi la mke wako, kabla hawajachimba shimo la kwanza.

Mwalimu wako