Makaroni ya Shangazi Odessa

Jumapili, 17 Novemba

Nimechaguliwa. Sikugombea, sikupiga kura, hata sikuwepo. Nilikuwa nimempeleka mwanangu Nyla chooni — mtoto huyu hubanwa kila mchungaji anapokaribia amina — na tuliporudi kwenye maegesho ya kanisa nikakuta ukoo umeshakaa kikao kando ya gari la kaka Garland na uamuzi umepita. Mimi ndiye nitakayemwambia Shangazi Odessa asipike makaroni mwaka huu.

Mimi!

Kisa ni mwaka jana. Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga katikati ya meza, tumeshikana mikono, tumeomba, kila mtu ametaja anachoshukuru. Ikaja makaroni. Chumvi tupu. Baba mdogo Percy alimeza tonge la kwanza, akatulia, akafumba macho, kisha akasema, "Dada, leo umejipita." Basi wote tukamfuata. Tulimaliza trei nzima huku tukinyang'anyana jagi la maji, na Shangazi yuko mwisho wa meza anatabasamu. Wendell, mume wangu, aliomba hata ya kubeba. Simlaumu, nami nilisema ni tamu.

Huko kwa wengine makaroni ya jibini ni chakula cha watoto. Kwetu hapana. Kwetu mtu hashiki kijiko kabla hajauliza imepikwa na nani. Binamu yetu wa Philadelphia aliwahi kuleta yake, juu kainyunyizia makombo ya mkate, na mpaka leo akitajwa watu hutikisa kichwa kana kwamba amefungwa jela. Mkono unaoaminika ni mmoja tu, wa Shangazi, tangu mimi sijaota meno. Na tangu Baba afariki, nyumbani kwa Shangazi ndipo mahali pekee tunapokaa wote pamoja. Ukigusa makaroni yake umegusa nyumba.

Nikamwuliza Garland kwa nini asiende yeye, si ndiye mkubwa? Akasema ana presha. Baba mdogo Percy akasema dada yake alimchapa sana utotoni na bado anamwogopa. Ana miaka sitini na tisa, baba wa watu.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwenda baada ya kazi. Kutwa nzima nasafisha meno ya watu na kuwaambia bila haya kwamba fizi zao zinaoza. Watu wazima, wanasheria, polisi. Nikasema mwanamke mmoja wa miaka sabini na minne atanishinda?

Amenishinda.

Nilipoingia tu akaniwekea kahawa na kipande cha keki, akaanza kunisimulia kwamba kina mama wa kanisa wamekodi basi la kwenda Atlantic City siku ileile ya Sikukuu, Alhamisi. Mashine za kamari na chakula cha kujipakulia mpaka ushindwe. Wanambembeleza aende.

"Nikawaambia mimi nina watu wangu wa kulisha," akasema. "Ila siku watu wangu wakiniona sifai tena jikoni, mwanangu, hawataniona nimekaa hapa nalia. Navaa kofia yangu nyekundu, napanda basi."

Kisha akanitazama. Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari, neno liko kwenye ulimi. Nikalisukuma ndani kwa keki.

Nimeondoka pale nimekubali kupika sukuma, kabichi chachu na pai mbili. Makaroni hatukuigusa. Kwa mwendo huu nikimtembelea mara ya pili nitarudi nimekubali kupaka nyumba rangi.

Jumatano, 20 Novemba

Garland kapiga simu. Umemwambia? Nikamjibu naandaa mazingira.

"Mazingira ya nini, unajenga barabara?"

Nimemkatia.

Ijumaa, 22 Novemba

Mpango mpya, wa Garland, kwa hiyo ni wa kihuni. Mimi nipike makaroni yangu kwa siri kwenye trei kama ya Shangazi. Siku yenyewe yeye atamwita Shangazi uani akaone Baba mdogo anavyomtumbukiza bata mzinga kwenye pipa la mafuta ya moto — jambo ambalo kila mwaka hutaka mtu mwenye akili timamu asimame karibu — na mimi nibadilishe trei. Shangazi atasifiwa, sisi tutakula, basi lile litaondoka bila yeye.

Nikasema huo ni wizi. Akasema ni upendo wenye mipango.

Nimefanya jaribio la kwanza leo. Nilikuwa na haraka, nikanunua jibini ya mfuko, ile iliyokwisha kukunwa dukani. Maziwa yakakatika, mchuzi ukawa kama mchanga. Baba mdogo Percy alipita kuazima ngazi, akaonja, akatafuna muda mrefu.

"Hii," akasema, "imepikwa na mtu aliyesoma habari za makaroni."

Akaondoka na ngazi. Wendell amekula sahani mbili kimya. Nilimwuliza vipi, akasema ni nzuri. Sasa namwamini vipi mwanaume huyu?

Jumapili, 24 Novemba

Jaribio la tatu si baya. Jibini nimeikuna mwenyewe, pamoja na ngozi kidogo ya kidole. Nyla ameuliza kama tutawahi kula kitu kingine tena maishani.

Halafu jioni simu — Shangazi. Kifundo cha mkono kinamsumbua, niende Jumatano nimkunie jibini.

Jikoni kwake! Siku ya makaroni! Hakuna aliyewahi kuitwa. Hata Mama, Mungu amrehemu, miaka yote aliishia mlangoni. Nilimwambia Garland, akashangilia: sasa utabadilisha ukiwa ndani kabisa. Mimi sikushangilia. Nimepewa ufunguo na mtu ninayepanga kumwibia.

Jumatano, 27 Novemba

Lazima niandike haya kabla sijalala.

Trei yangu niliiacha ndani ya gari chini ya koti la Wendell. Nikaingia, nikanawa, nikapewa kipande cha jibini kikubwa kama tofali. Shangazi akasimama jikoni. Hapimi kitu. Siagi, unga, maziwa ya kopo, haradali kidogo, mkono wake unakwenda tu. Nilikuwa naona raha kumtazama. Kisha akatia chumvi. Akakoroga, akatia tena. Akanisimulia habari za jirani, akatia tena. Hakuonja hata mara moja.

Nikamwuliza, "Shangazi, huonji?"

Alichota kwa kijiko cha mti, akanipulizia, akaninyooshea. "Onja wewe."

Nikaonja. Ilikuwa maji ya bahari yenye jibini.

"Unasemaje?"

Neno "tamu" lilikuwa tayari, limevaa na viatu. Lakini nilimwangalia usoni. Mtu anayetaka sifa namjua, ninaye kaka. Huyu hakutaka sifa. Alikuwa ananitazama kama wagonjwa wangu wanavyonitazama kabla sijawashikia kioo.

"Chumvi imezidi, Shangazi. Sana."

Akazima jiko. "Na mwaka jana?"

"Mwaka jana ilikuwa zaidi ya hii."

"Percy alisema nimejipita."

"Baba mdogo alimaliza jagi zima la maji."

Akavuta kiti, akakaa. Akaniambia. Tangu ile korona ya mwaka juzi hasikii harufu wala ladha. Kahawa ni maji ya moto. Keki ni sifongo. Hakumwambia mtu, alidhani itarudi yenyewe. Mwaka jana alipika kwa mazoea ya mkono, kisha akakaa pale mwisho wa meza anatukagua nyuso, ajue kama bado anaweza.

"Mkanishukuru," akasema. "Mmoja mmoja, mmeshikana mikono, mbele ya Mungu. Nikasema basi, mkono wangu bado unakumbuka. Nimefurahi mwaka mzima, Tavia. Mwaka mzima nimefurahia uongo."

Nililia. Yeye hakulia. Alichukua simu, akampigia mama mmoja wa kanisa, akauliza basi la kesho lina nafasi. Lilikuwa nayo. "Niwekee," akasema, na akaweka simu mezani taratibu.

Kwa kuwa mambo yalikuwa yameshaharibika kabisa, nikaona nimalizie. Nikamweleza habari ya trei iliyo kwenye gari. Mpango wote, pamoja na pipa la mafuta na Garland. Akaniagiza nikailete. Akaifunua, akaizunguka, akaibonyeza kwa kidole.

"Haina makombo ya mkate," akasema. "Angalau una malezi." Akabonyeza tena. "Lakini imekauka. Mwaga zote mbili."

Tukaanza upya. Mimi nakoroga, yeye amesimama nyuma yangu. Kumbe mambo mengi anayajua bila ulimi: mchuzi ukiwa tayari anausikia unavyopasua mapovu, jibini ikikubali anaiona kwenye mgongo wa kijiko. Chumvi tu ndiyo hawezi. "Bado?" Bado kidogo. "Sasa?" Sasa, Shangazi. "Una hakika au unanifurahisha?" Nina hakika.

Trei ilipokuwa tayari kuingia oveni kesho, nikamwuliza habari ya basi. Akavua aproni.

"Njooni kesho. Mkikuta mlango umefungwa mtajua nimekwenda."

Alhamisi, 28 Novemba

Naandika nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, nyumbani kwa Shangazi, mlango nimeufunga kwa ndani. Watu wote wako ghorofa ya chini, mezani. Haraka haraka, nianzie mwanzo.

Mlango ulikuwa wazi! Nilikaribia kuupiga busu. Shangazi alikuwepo, jikoni, nyumba nzima inanukia. Lakini kichwani kofia nyekundu, na koti limetundikwa kwenye kiti chake pale mezani.

"Basi la asubuhi nimeliacha," akasema. "Kuna la abiria wa kawaida, saa kumi. Nitaangalia."

Baba mdogo Percy aliingia na bata mzinga wake, mweusi upande mmoja kama kawaida, akaiona kofia, akasahau hata kujisifu. Tukakaa. Garland akanyoosha mikono tushikane tuanze shukrani. Shangazi akamkatisha. Mwaka huu tule kwanza, shukrani baadaye, kila mtu aanze na makaroni.

Garland akauliza, ikabidi aulize, hata kwenye kitanda cha kufa atauliza: "Imepikwa na nani?"

"Kula."

Akanikonyeza. Masikini, alidhani nimebadilisha. Akatia tonge mdomoni, akapiga meza kwa furaha. "Shangazi! Umejipita tena!"

Shangazi akanyoosha mkono, akalichukua koti, akaliweka mapajani. "Garland, nimetaka kujua ladha. Sifa sijaagiza."

Hata Nyla aliacha kutafuna. Nilimtazama Baba mdogo, kwa sababu sasa alikuwa na uma hewani na uso umembadilika rangi. Akaushusha.

"Dada," akasema. "Mwaka jana ilikuwa chumvi tupu. Nilikudanganya mimi, hawa wengine walinifuata. Niliogopa. Nilisema ukiacha kupika utatufungia mlango, na mimi huu ndio mlango nilionao." Akafuta mdomo, akaonja tena, polepole. "Hii ni nzuri. Lakini si yako. Yako ya zamani ilikuwa na kitu, hii haina."

Nimemjua mzee yule maisha yangu yote na sijawahi kumsikia akisema sentensi nne mfululizo bila utani. Shangazi akasema, "Ahsante, Percy," kwa sauti ndogo, na nikajua kwamba kwa siku ya leo shukrani ya kweli ni hiyo. Hapo ndipo nilipokimbilia huku juu. Nacheka na kulia kwa pamoja, nimenawa mpaka sabuni yote imeishia usoni.

Kuna vishindo kwenye ngazi. Yeye. Anagonga.

"Tavia. Percy anasema kuna kitu kinakosekana, na nadhani nakijua, ila nahitaji ulimi. Toka humo."

Nikamwuliza kupitia mlangoni kama bado kofia iko kichwani.

"Ipo. Usinibadilishie mazungumzo. Nimekuja na sahani yangu, wamenijazia mpaka pembeni, na sijui kuna nini ndani yake. Kuanzia leo unakaa upande wangu wa kulia. Tonge langu likiingia, wewe nawe unatia lako, unaniambia lina ladha gani. Vile lilivyo. Umenielewa?"

Ndiyo, Shangazi.

Namsikia anakaa kwenye ngazi ya juu, sahani inagonga mbao. Anatafuna kitu.

"Tuanze na hivi viazi vitamu. Vina mdalasini?"

Vina, Shangazi.

"Mwingi?"

Vimepikwa na Garland. Na Garland, nasikia kikohozi chake, amesimama mwisho wa ngazi kule chini anasubiri nijibu. Mwingi mno, Shangazi.