Kimya cha Masikio Mawili

Kwa Babu yetu, kinyozi Orita Jinpachi

Mwaka umezunguka na kurudi palepale, Babu, tangu asubuhi ile ya tarehe tisa Mei ulipokaa kwenye kiti chako cha kunyolea, ukasema unafumba macho kidogo kabla mteja wa kwanza hajafika. Hukuyafumbua tena.

Kiti hatujakiondoa. Mama anakifuta kila asubuhi kama ulivyokuwa ukikifuta wewe, kuanzia miguuni kwenda juu. Taulo ya moto bado anaijaribu kwanza kwenye shavu lake kabla ya kumwekea mteja. Paka wa duka la samaki bado anaingia bila kubisha hodi, na bado tunamwambia karibu.

Miaka arobaini, Babu, ulinyoa vichwa vya vijana wa besiboli wa shule iliyo ng'ambo ya barabara yetu. Kila mkesha wa mashindano ya kiangazi walijipanga kwenye benchi refu, tisa kwa mpigo, na kuondoka wakiwa na vichwa vyeupe kama mayai. Kila mmoja ulimpa plamu moja ya chumvi na maneno yaleyale: "Nenda ukashinde. Ukishindwa, rudi vilevile. Nywele zitaota."

Wa mwisho kwenye benchi alikuwa Ugaki Rentaro, mwenye miaka kumi na mitano. Aliogopa mashine, kwa sababu mjomba wake aliwahi kumnyoa nyumbani akamchana sikio. Alipokaa kwenye kiti chako alitetemeka hata kitambaa kikatetemeka naye. Hukumcheka. Ulianza kuvumisha, mdomo umefumbwa, wimbo usio na maneno, uliouzua palepale, ukamwambia: "Nikinyamaza, ujue nipo sikioni. Wewe bana pumzi tu. Nikirudi kuimba, tumeshapita." Ukaimba, ukanyamaza kwa mapigo mawili, mashine ikazunguka sikio la kushoto. Ukaimba tena, ukanyamaza tena, ikazunguka la kulia. Kijana hakutikisika. Wenzake wanane walikuwa benchini wakisikiliza.

Kesho yake ulipanda kwenye jukwaa la mashabiki na tarumbeta yako uliyozoea kuwapigia wachezaji, na Rentaro alipokwenda kupiga ulimpigia wimbo uleule, na vimya vyake viwili. Akagonga mpira ukafika ukutani. Tangu siku hiyo ukawa wimbo wake. Alipochukuliwa na timu kubwa ya mjini alikwenda nao, na watu elfu thelathini wakawa wanauimba kila anaposhika gongo, wakinyamaza mara mbili bila kujua kwa nini. Wewe ulikuwa ukitazama televisheni dukani, ukaniambia huku unacheka mpaka machozi: "Tazama, Mizuho. Watu wote hawa wanamsubiri Rentaro apitishwe mashine sikioni."

Halafu zikaja habari kwamba Rentaro anakwenda kuchezea Marekani. Unakumbuka mji wetu ulivyopagawa. Dada wa posta walihudumia watu wakiwa na fulana za timu ya Marekani. Kwa kuwa mechi za huko usiku ni asubuhi kwetu, kasisi wa hekalu alisogeza ibada hadi alasiri, akasema wafu wana subira. Tukasikia kwamba huko Marekani hawapigi tarumbeta majukwaani, basi chama cha mashabiki kikaamua zipigwe hapa, katika ukumbi wa mji, mbele ya skrini kubwa, kana kwamba sauti ingevuka bahari.

Uliomba jambo moja tu katika maisha yako, Babu. Uliomba kupiga wimbo ule asubuhi Rentaro atakaposhika gongo Marekani kwa mara ya kwanza.

Mwenyekiti wa chama, Bwana Kashiwade Yoshimi, mtengeneza keki za maharage, alikuwa tayari amekwisha kuuza wimbo wako. Maboksi ya keki zake yaliandikwa kwa herufi za dhahabu: "Wimbo wa Rentaro, mtunzi Kashiwade." Kwenye televisheni alisema wewe ulikuwa ukipuliza tu alichokuandikia. Ulipokwenda kuomba nafasi yako, alikujibu mbele ya watu, nami nilikuwa nyuma yako nimekushikia mwavuli.

"Mzee Orita, pumzika sasa. Kuna kamera kutoka Tokyo. Watu wanataka kuona vijana, siyo kinyozi anayetemea mate kwenye tarumbeta."

Wakacheka. Wewe uliinama, ukasema, "Sawa, Mwenyekiti." Jina lako likafutwa hata kwenye viti vya mstari wa mbele.

Asubuhi ile ulitazama mechi dukani, tarumbeta magotini. Nilikuwa nyuma ya pazia na chai yako. Rentaro aliposhika gongo, tarumbeta saba zilisikika kutoka ukumbini. Zilipofika kwenye kimya cha kwanza nilikuona ukiinua mkono wa kulia, mtupu, ukauzungusha taratibu hewani kwenye sikio lisilokuwepo. Nilirudi jikoni na chai ile. Sikutaka ujue kwamba nimeona.

Nilikuuliza kwa nini husemi. Ukaniambia, "Waache, mjukuu wangu. Rentaro anajua, inatosha." Na kweli alijua, lakini ni mtoto aliyelelewa vizuri, asingeweza kumwaibisha mwenyekiti wa mashabiki wa kwao. Na wale wanane wa benchini, ambao sasa ni wanaume wenye maduka na vitambi? Nao walijua. Lakini chama kilikuwa kinaandaa safari ya kwenda Marekani kumtazama Rentaro, na orodha ya wasafiri iliandikwa na Bwana Kashiwade. Basi kila mmoja akameza ulimi wake.

Wiki sita baadaye ulifumba macho.

Bwana Kashiwade alikuja kwenye mazishi, nywele zake zimepakwa rangi nyeusi na kung'arishwa kwa mafuta, na mbele ya picha yako akaweka boksi la keki. Boksi lilelile, Babu, lenye herufi za dhahabu. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akainama, akashukuru. Hakulifungua wala hakulitupa. Aliliweka juu ya kabati la taulo, mahali anapoliona kila anapoinua macho. Wageni wakadhani ni ukumbusho. Ulikuwa ukumbusho kweli. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ulisema tuwaache, Babu. Hatukuwaacha. Ndiyo maana tunakuandikia leo gazetini, mbele ya wote.

Mwezi Machi mwaka huu, msimu wa pili wa Rentaro ulipokaribia, Bwana Kashiwade aliahidi kwenye televisheni kwamba Rentaro akiuvusha mpira uzio siku ya kwanza, yeye atanyolewa kipara ukumbini hadharani. Mji ulicheka sana. Wanaojua besiboli walicheka zaidi, maana mrushaji wa upande wa pili siku hiyo hakuwa amevushiwa mpira tangu kiangazi cha mwaka jana. Nywele zile zilikuwa salama. Lakini kamera zilitaka kuona kinyozi, na kinyozi katika mji huu ni sisi tu.

Aliyetumwa kumwita Mama alikuwa Bwana Nomoto wa kituo cha mafuta, mdakaji wa timu ile ya shule ya Rentaro, mmoja wa wale wanane. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kulitazama benchi.

"Ni mzaha tu, dada Fusae," alisema. "Beba mashine yoyote, hatutaitumia."

"Nitabeba ya marehemu baba," Mama alijibu. "Hata kama haitatumika, nitaitia mafuta."

Aliitia mafuta jioni hiyo kwa kitambaa chako cha bluu, jino moja moja.

Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Kabla ya mechi, mtangazaji kutoka Tokyo alimwuliza Mwenyekiti kuhusu vile vimya viwili vinavyojulikana nchi nzima. Alikunja mikono kifuani, akasema hiyo ni pumzi ya mpigaji, na kwamba alikesha siku tatu akivitafuta. Siku tatu, Babu. Wewe vilikuchukua dakika nne, na kijana mwenye hofu.

Katika kipindi cha sita Rentaro alishika gongo, tarumbeta zikalia, na mpira wa pili aliutuma ukapita juu ya uzio, ukapotea katikati ya Wamarekani waliosimama. Sijawahi kusikia kelele kama zile. Watu walikumbatiana na watu wasiosemeshana nao. Kelele zilipoanza kupungua, sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Mashine." Halafu ukumbi mzima ukawa unapiga makofi na kusema mashine, mashine.

Mwenyekiti alicheka, kwa kuwa kamera zilikuwa zikimtazama. Akakaa. Mama alimfunga kitambaa cheupe na kuwasha mashine yako. Ule mngurumo wake, Babu, niliujua mara moja. Nywele zikaanza kuanguka mabegani, na kila zilivyoanguka ndivyo mtu yule alivyozidi kuwa mdogo.

"Dada Fusae, taratibu huku sikioni," alinong'ona.

"Usitikisike, Mwenyekiti," Mama alisema. Akaanza kuvumisha wimbo wako.

Alivumisha kwa sauti ya chini, kama ulivyofanya wewe. Alipofika kwenye kimya cha kwanza alinyamaza, na mashine ikazunguka sikio la kushoto. Mapigo mawili. Kisha akaendelea. Wa karibu walimsikia, na mtangazaji pia, kwa sababu kipaza sauti chake kilikuwa pale kidevuni kwa Mwenyekiti. Niliona uso wa mtangazaji ukibadilika.

Unanijua, Babu. Nimesoma chuo miaka minne na bado nanong'ona ninapoagiza chai. Lakini wimbo ulikuwa unakwenda kwenye sikio la pili na wa nyuma walikuwa hawasikii. Nikafungua mdomo. Sauti ya kwanza ilikuwa yangu, nyembamba, inatetemeka kama kile kitambaa cha Rentaro. Ya pili ilikuwa ya Bwana Nomoto. Halafu ukumbi wote ukavumisha, mamia ya watu, na sote tulipofika kwenye kimya cha pili tukanyamaza pamoja. Ikabaki mashine yako peke yake, inazunguka sikio la kulia la Bwana Kashiwade.

"Kumbe ni sikio," mtangazaji alisema polepole. "Nani alikuwa akinyamaza hivi?"

"Mzee Orita," Bwana Nomoto alijibu. "Nilikuwa benchini. Tulikuwa tisa, na wote tumenyamaza miaka yote hii."

Mwenyekiti alifungua mdomo.

"Usiongee," Mama alimwambia kwa upole. "Nitakukata."

Akaufumba. Alikaa hivyo, mdomo umefungwa, mbele ya kamera zote alizoziita yeye mwenyewe, mpaka Mama alipozima mashine. Nyuma ya sikio la kulia kulibaki kishungi, ukubwa wa kiganja cha mtoto, cheusi kwa rangi. Mama alisema mashine imepata moto. Televisheni ilirudia picha zile mara tatu siku hiyo, na kishungi kilionekana vizuri kila mara.

Siku mbili baadaye alikuja dukani na kofia, akaomba asawazishiwe. Mama alimtazama kupitia kioo. "Leo tumejaa," alisema. Benchi lilikuwa tupu, isipokuwa paka. Alikuja tena, tukawa tumejaa tena. Mara ya tatu tulimtazama akipita mbele ya dirisha akielekea stesheni, kwenda kunyolewa mji wa jirani. Bwana Nomoto naye alikuja kuomba radhi. Mama alimwacha amesimama hadi miguu ikamwuma, kisha akampa plamu moja ya chumvi. Alilia akiila.

Maboksi ya keki hayana tena jina la mtunzi. Jina lako bado halijaandikwa. Tunangoja.

Tunajua wewe ungemsawazishia, Babu. Ungemwekea taulo ya moto na kumwambia nywele zitaota. Nazo zimeota, tumeziona, zimetoka nyeupe. Sisi hatuna moyo wako. Tumetafuta majuto ndani yetu usiku na mchana na hatujayapata, na hilo ndilo tunalokuomba utusamehe.

Jumapili hii, saa nne asubuhi, hekaluni, tutasoma sala ya kutimiza mwaka wako. Mjukuu wako Mizuho atapiga tarumbeta yako. Rentaro ameandika kwamba saa hiyo, huko aliko, atasimama na kubana pumzi mara mbili. Mji wote umealikwa. Bwana Kashiwade tumempelekea mwaliko kwa mkono, na tumemwekea kiti cha mstari wa mbele, kile alichokunyima wewe. Mbele ya kiti chake atalikuta boksi lile la keki alilolileta mazishini, halijafunguliwa, herufi zake za dhahabu zimemwelekea. Kalamu tutaiweka juu yake. Akija, anajua la kuandika. Asipokuja, mji mzima utakaa saa nzima ukikitazama kiti kitupu.

Unakumbukwa na binti yako Orita Fusae na mumewe Kanji. Mdogo wako Orita Sakuji. Wajukuu wako Mizuho na Natsuo. Na Ugaki Rentaro, kijana wako wa mwisho kwenye benchi.

Hatutakusahau kamwe, Babu. Wala hatutamruhusu mtu akusahau.