Binti Yangu Anauza Anga

Minnesota, 4 Juni 2017

Kwako Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumai mvua ya mawe haikuigusa ngano, na kwamba unakula kitu zaidi ya mayai. Mimi mzima, ila usingizi ni haba. Kituoni tunakoongozea ndege tumepungukiwa watu tena, na wiki yangu imebakiwa na siku moja tu ya kupumzika. Ningekupigia simu, lakini kila nikipiga unanijibu habari za mawingu kwa sababu hunisikii. Kile kifaa cha masikio kiko wapi? Kwenye droo, najua.

Baba, nimesikia utasimama kuupinga ule muswada wa waongoza ndege kwenye mkutano wa ukumbi wa shule. Nakuomba ufikiri kwanza. Hakuna anayesema tuuze waongoza ndege sokoni kama ng'ombe. Muswada unataka kazi yetu itoke serikalini iende kwenye shirika lisilotafuta faida, linalojilipia lenyewe. Unajua mpaka leo minarani bado tunapeana habari za ndege kwa vikaratasi? Kila wanasiasa wakigombania bajeti, mafunzo yanasimama na mitambo tuliyoahidiwa inasogezwa mbele. Nimechoka kungoja watu wa Washington wapatane ndipo nipate skrini inayofanya kazi.

La mwisho, na nimeona nikuambie mwenyewe kabla Gladys wa posta hajaniwahi: chama chetu cha wafanyakazi kimeniteua nije kuutetea muswada kwenye mkutano huohuo. Kwa sababu ni nyumbani kwetu. Tafadhali usikasirike.

Mwanao,
Solveig

*

Torsby, North Dakota, 11 Juni 2017

Mwanangu Solveig,

Salamu nyingi. Goti lipo, ngano ipo, mayai yapo. Gladys alikuwa ameshaniambia.

Sikukasirika. Nilikwenda bandani nikaipiga teke ndoo, basi. Sasa sikiliza. Hilo shirika lako litakuwa na bodi. Kwenye bodi watakaa nani? Wakubwa wa mashirika ya ndege, wenye suti. Siku wakiulizana nani alipie rada, unafikiri watanikumbuka mimi ninayenyunyizia dawa mashamba kwa ndege yenye kiti kimoja? Watanikumbuka kwa bili tu. Nikipaa, bili. Nikitua, bili. Nikipiga chafya angani, bili. Na kiwanja kama chetu kisichowaletea kitu watakiacha kiote majani.

Kwenye kiwanja hichohicho ndipo ndege ya wagonjwa ilipomchukua mama yako kumpeleka hospitali Fargo. Usiku ule hakuna aliyeuliza kama Torsby ina faida. Tukapata naye miaka minne zaidi.

Barabara ni ya watu wote, na anga ni la watu wote. Serikali ni mbovu, najua, lakini mbovu wa kura yangu naweza kumfukuza. Wa bodi nitamfukuzaje?

Njoo. Kitanda nitakutandikia. Nitasema ninayoyaamini, na wewe useme yako.

Baba yako,
Arvid

*

Minnesota, 2 Julai 2017

Baba,

Natumai u mzima. Nilifika salama, kama uliwahi kujiuliza.

Nilidhani tulikubaliana kila mtu aseme yake. Ulisimama, ukavua kofia, ukasema, "Mimi ndiye niliyemfundisha huyu kurusha ndege. Leo binti yangu anauza anga." Ukumbi mzima ukacheka. Sawa, ni utani wako, nimekua nao. Lakini nilipopanda mimi, sikumaliza hata sentensi ya pili. Wendell Krogh akapaza sauti kutoka nyuma, "Rudi mjini kwako ukauze mitaa ya huko!" Watu wakapiga miguu sakafuni. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alikuwa anapiga miguu, Baba! Nikakutazama. Ulikuwa unaitazama kofia yako.

Na kwa kuwa sikupewa nafasi ya kusema ukumbini, nasema hapa. Lemke wa mnarani kwetu, unayempungia mkono kila asubuhi, unayemsifu kwamba ndiye serikali inayofanya kazi, si mtu wa serikali! Serikali imeukodisha ule mnara kwa kampuni binafsi tangu niko sekondari. Kampuni ndiyo inayomlipa Lemke. Miaka yote hiyo umekuwa ukitua kwa sauti ya mtu wa kampuni, na hukuanguka. Muulize mwenyewe.

Sitaandika kwa muda.

Solveig

*

Torsby, 9 Julai 2017

Mwanangu,

Salamu. Nimemuuliza Lemke. Ni kweli. Nikamwambia, "Mbona hukusema?" Akasema, "Mbona hukuuliza?"

Haibadilishi kitu. Lemke ni Lemke. Hata angelipwa na shetani angekuwa Lemke. Na serikali ndiyo inayoilipa hiyo kampuni, kwa hiyo bado hela ni yetu. Umenielewa?

Mswaki wako umeusahau hapa.

Baba yako,
Arvid

*

Torsby, 19 Novemba 2017

Mwanangu Solveig,

Salamu tena. Pengine barua yangu ya Julai ilipotea, posta siku hizi ndiyo hiyo. Watakwambia dawa ni kuibinafsisha nayo. Samahani, imenitoka.

Viazisukari vimevunwa vizuri. Theluji imewahi. Kanisani wanakuulizia, nami nasema una kazi nyingi. Krogh alikuja kupanga kazi ya kunyunyiziwa shamba lake msimu ujao, nikamwambia atafute rubani mwingine. Akauliza, "Kwa sababu gani?" Nikamwambia akaketi nyumbani kwake afikirie. Ameondoka akiwa hajafikiria chochote.

Sikukuu ya Shukrani nitakuwa hapa. Bata mzinga nimenunua mkubwa, sijui kwa nini.

Baba yako,
Arvid

*

Torsby, 11 Machi 2018

Mwanangu,

Natumai unapumua vizuri huko. Umesikia bila shaka: muswada umekufa. Wenyewe walioupeleka wameukunja, hata kwenye kura haukufika. Mkahawani watu walinipigia makofi, Lemke akaninunulia kipande cha keki.

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni. Tumeshinda, na sina wa kumwambia.

Baba yako,
Arvid

*

Minnesota, 14 Januari 2019

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumai baridi haijakuzidi. Barua zako zote zilifika. Zilifika zote, Baba, posta haina kosa.

Siandiki kwa sababu ya muswada. Naandika kwa sababu umri wangu huu wote, nikiogopa, bado ni wewe ninayetaka kumwambia.

Unaiona hali. Wanasiasa wamegombania ukuta wa mpakani, serikali imefungwa tangu kabla ya Krismasi. Sisi tunaitwa wa lazima, maana yake tunakuja kazini bila mshahara. Mwenzangu Renata akitoka zamu anaendesha gari la kupeleka vyakula majumbani. Mwingine ameacha kabisa, na zamu zake tumegawana. Vijana waliokuwa wakifundishwa kutupokea wamerudishwa makwao.

Juzi ruhusa ya kushuka ya ndege moja nilimpa rubani wa nyingine. Namba zao zinafanana, nilikuwa nimechoka, ulimi ukateleza. Renata alilisikia kosa kabla yangu. Akashika kipaza sauti, akampandisha tena yule rubani. Abiria hawakujua kitu, pengine walilalamika tu kwamba kahawa imemwagika. Mimi nilibadilishwa kitini, nikaenda chooni nikakaa sakafuni.

Usinijibu habari za bodi. Nakuomba.

Mwanao,
Solveig

*

Torsby, 18 Januari 2019

Mwanangu,

Sitasema habari za bodi.

Nimepiga simu ofisi ya mbunge. Ndiyo, kifaa cha masikio nilikivaa. Akapokea msichana, akaniambia, "Mheshimiwa anaelewa hisia zako." Nikamwambia sina hisia, nina binti. Akasema ataandika. Nikamwambia aniandikie sasa hivi na anisomee alichoandika. Akakata.

Nimekasirika hadi sijui nimkasirikie nani, na si hali niliyoizoea. Jumatatu nakuja na gari. Nina nyama ya nusu ng'ombe, viazi, na lefse, ile mikate myembamba ya viazi, za mama Lemke. Usiniambie barabara ina barafu. Nimeishi na barafu tangu kabla hujazaliwa.

Baba yako,
Arvid

*

Minnesota, 10 Februari 2019

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumai ulifika salama na goti limekusamehe safari. Serikali imefunguliwa, kama ulivyoona, ila wanasema inaweza kufungwa tena wakishindwa kupatana. Nyama imejaa mpaka friji la jirani.

Renata bado anasimulia siku tuliyogawa vipeperushi vya kudai mishahara kwenye uwanja wa ndege, kila mara kwa kuongeza chumvi. Yule bwana wa koti la sufu aliposema, "Mngekuwa kampuni mngelipwa," nilikuwa nafungua mdomo kumwambia ndiyo, nawe ukawa umeshamvamia: "Kampuni ingekifunga kiwanja cha Torsby kabla hujamaliza sentensi!" Nami nikakugeukia, "Baba, si sasa!" Nawe, "Sasa ndiyo sasa!" Tukabishana katikati ya masanduku ya watu mpaka yule bwana akatuomba radhi akakimbilia ndege yake. Askari alipotuuliza kama tunajuana, ukasema, "Kwa bahati mbaya." Sijacheka hivyo tangu mama afariki.

Sasa nakuambia kitu nilichoshindwa kukuambia usoni. Ile asubuhi ulinivua viatu ukidhani nimesinzia mezani na koti langu mwilini. Nilikuwa macho. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi, nikaogopa kwamba nikifungua macho nitaisema. Nimeipeleka jana. Nitamaliza Mei.

Si kwa sababu ya mshahara, huo tumeshalipwa. Kila nikivaa vipokea sauti mkono unatetemeka, na mtu ambaye mkono wake unatetemeka hafai kukaa kile kiti, awe ameajiriwa na serikali, na kampuni, au na malaika. Najua ulivyojivunia kazi yangu. Nisamehe.

Mwanao,
Solveig

*

Torsby, 17 Februari 2019

Mwanangu Solveig,

Salamu. Barua yako nimeisoma jikoni, nikaenda nayo kwenye karakana, nikarudi nayo. Nimetafuta cha kubishia. Sikukipata.

Niliposimama ukumbini na kusema anga libaki na serikali, watu walidhani nasema bendera, katiba, na mambo hayo. Mimi nikisema serikali nilikuwa naona uso wako. Nilijua huko juu yupo mtu wangu anayewatazama watu. Sikuwahi kukuuliza huko unaendeleaje. Nilikuwa najua wewe ni hodari, nikadhani hilo linatosha.

Hakuna cha kusamehe. Rudi nyumbani kwanza, mengine tutayabishania ukishalala.

Baba yako,
Arvid