Mjane wa Kogo

Jumatatu, 3 Machi
Kortini Bomet tena, kufuata urithi wa shamba. Foleni ile ile, benchi lile lile. Mimi niliyevusha lori mpaka Juba, leo kijana wa karani ananiuliza marehemu alikuwa nani wangu. Nikamwambia ni baba. Akaangalia cheti cha kifo: Taplelei, mwanamke. Akaniangalia mimi. Nikamweleza kwa upole, na upole sina mwingi. Kogo, ndiye huyo Taplelei, hakuzaa. Akatoa ng'ombe, akaoa mama yangu, kama desturi yetu Wakipsigis inavyoruhusu, ili nyumba yake isizimike. Nikazaliwa mimi. Nyumbani namwita Kogo, yaani nyanya, kwa makaratasi ni baba. Karani akasema anaelewa, hata kwao iko. Nilete tu barua ya chifu yenye majina ya warithi.
Rahisi. Nilirudi nikipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi
Barua ilishaandikwa. Mwalimu Philemon alitutangulia. Huyu ni mtoto wa mke mwenza wa Kogo. Amejiandikisha mrithi peke yake. Mama hayuko. Mimi siko. Amemwambia chifu ati mama alikuwa mfanyakazi wa kuchuma chai.
Mfanyakazi. Nani alimwosha Kogo alipolala kitandani akingoja kufa?
Ugali nimeuacha kwa sahani. Mimi, ambaye hakuna ugali umewahi kunishinda.

Ijumaa, 7 Machi
Philemon amemkataza mama kuingia shambani. Chai imeanza kurefuka bila kuchumwa. Nimemkuta sokoni Ndanai, gazeti mkononi.
"Mwalimu, mama yangu ni nani?"
"Mwanamke hawezi kuwa na mke, Kipkoech. Soma sheria."
"Mimi nilisomea barabarani."
"Ndiyo maana."
Watu wakacheka. Hapa sokoni anayechekesha watu ni mimi, si yeye. Nilishika jeki ya lori. Nikairudisha. Mkono bado unataka kurudi kuichukua.

Jumamosi, 8 Machi
Chifu si mtu mbaya. Anasema: lete aliyemfunga mama yako nyasi za harusi mkononi, nitaandika barua upya. Wajomba walioshuhudia wote wameshakufa. Aliyefunga ni mamake Philemon mwenyewe.
Hayuko kwake. Philemon amempeleka kwa dada yake Londiani, ati akapumzike. Tangu lini mzee akapelekwa kwa baridi ile kupumzika? Mjinga amesahau nani hubeba viazi vya Londiani. Njia ile naijua kama jiko la mama.

Jumatatu, 10 Machi
Njia nzima nilipanga matusi, ya lugha nne, mengine mazuri sana. Nikamkuta mama mkubwa, huyo mamake Philemon, ndani ya blanketi karibu na moto, mdogo kama mtoto. Yakaniishia.
"Nilimfunga mimi," akasema. "Nikampaka siagi kichwani. Alikuwa analia. Nikamwambia nyamaza, umeolewa kwa watu wazuri."
Akasukuma kuni motoni.
"Nikienda kwa chifu, Philemon hatanirudisha kwake."
"Kwetu kuna kitanda, mama mkubwa."
"Na usimpige. Nakujua."
Nimeahidi. Hasira yote hii, na sina hata ruhusa ya kuitumia.

Alhamisi, 13 Machi
Alisema yote mbele ya chifu. Philemon akajaribu: "Mama, umezeeka, umesahau."
"Nimesahau mengi. Siagi niliyopaka kwa mkono wangu sijasahau. Na wewe ulikula nyama ya hiyo harusi ukatapikia nguo yangu."
Hata chifu alicheka. Akaandika upya. Mama: mke wa marehemu. Mimi: mtoto. Mama aliomba asomewe mara ya pili.
Philemon akawasha pikipiki, akaenda. Akamwacha mamake hapo kwa chifu kama gunia. Hiyo imeniuma kuliko shamba. Nilimbeba mwenyewe mpaka kwa lori.

Jumamosi, 15 Machi
Mama mkubwa analala kwa kitanda cha Kogo. Asubuhi Philemon amesimama kwa geti, kofia mkononi. Hakuna aliyemfukuza. Nikamletea kiti. Kile cha mguu mbovu. Akakaa kwa adabu sana.
Mamake akammiminia chai, maziwa mengi, anavyopenda tangu utoto. Akanywa. Nikamsogezea sukari.
Huko chini shambani mama alikuwa anachuma tena; kikapu chake kilikuwa kinaonekana na kupotea, kinaonekana na kupotea, ndani ya chai iliyorefuka.