Bunduki Nzito Simpi Ndunge

Lukenya, Jumanne, Agosti 1997

Hapana. Ile nzito simpi, meneja akasirike akitaka.

Ranchi imepata kibali cha kupunguza swala, na Alhamisi Ndunge na Mutua, vijana ninaowafundisha kupiga bunduki, wanaanza kuwinda. "Mzee Kioko, ukiwadekeza kwa bunduki nyepesi hawatajifunza," meneja ananiambia.

Leo tuliijaribu ile nzito kwenye shabaha. Kwa risasi ya kwanza bunduki ilimsukuma Ndunge bega. Ya pili akafumba macho kabla hajafyatua. Mutua naye, aliyekulia kwa upinde wa babu yake, kila akipiga anainua kichwa kuiangalia risasi ikienda, kana kwamba ni mshale! Nilicheka mpaka kofia ikaanguka.

Nikampa Ndunge ile nyepesi ninayotumia mimi. Risasi zote tatu katikati.

"Kumbe Mzee ulikuwa unatuficha hii?"

"Nilikuwa naficha bega langu bovu, mama."

Ninachoogopa ni swala aliyepigwa vibaya akimbilie vichakani, ateseke usiku kucha kwa sababu mtu alifumba macho. Hilo siwezi...

Kesho nampelekea meneja ile nzito, aipige yeye kwanza mbele yangu. Nitakuwa natazama macho yake tu.